Kuipima Kazi na Mwenye Kazi



Kila mwaka, vijana wamalizapo shule, sisi makatekista twajiwa na wazazi wenye swali moja: "Mwalimu, mtoto ameitwa kazini mahali fulani. Aende, asiende?" Wengine waja na barua mkononi, wengine waja na maneno tu ya mtu aliyeonana nao sokoni. Swali hili si dogo. Mtu atakaye kuoa hutuma washenga, huuliza ukoo, hutazama tabia, wala hafanyi haraka. Lakini kazi, ambayo itamchukua tangu asubuhi hata jioni, na pengine kumhamisha mbali na kwao, huipokea kwa dakika moja kwa sababu amesikia hesabu ya mshahara. Kwa hiyo mwezi huu twataka kulieleza jambo hili kwa utaratibu, ili kila nyumba iwe na mizani yake.

Mwenye njaa naye apima

Twajua wako watakaotujibu: "Mwenye njaa hana miiko. Kuchagua kazi ni mambo ya watu walioshiba." Neno hili lina ukweli ndani yake, wala hatutaki kumlaumu baba anayeshika jembe la mtu mwingine ili watoto wale usiku. Walakini hata mwenye njaa, akiokota uyoga msituni, huutazama kwanza, maana uko unaoshibisha na uko unaoua.

Tuwakumbuke wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliochukua pembe na nguo baina ya bara na Bagamoyo. Hawakuwa watu wenye mali. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, na safari ilikuwa ya miezi. Hata hivyo walipatana ujira na posho kabla ya kuinua mzigo, na kiongozi aliyekuwa mkali kupita kiasi, au mchoyo wa posho, pengine aliamka asubuhi akakuta mizigo iko chini na watu hawapo. Basi kupima kazi ni desturi ya wazee wetu. Hatukuipata kwa wageni.

Siku ambazo hatukuchagua

Tena yafaa vijana wajue ya kwamba ruhusa hii ya kuchagua iliwahi kuondolewa kwetu. Mwaka 1907, katika milima ya Usambara, serikali ya Wadachi iliwapa wanaume kadi, na kila mmoja alilazimishwa kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa walowezi. Huko Kenya, baada ya Vita Kuu ya kwanza, wanaume Waafrika walishurutishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mwenye kazi asipoandika humo ya kuwa amemwachilia mtu wake, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi kwa mwingine. Sheria ile ilidumu hata mwaka 1947. Na katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, vibarua walihesabiwa kwa kadi ya siku 30, nazo zilipasa kutimia ndani ya siku 42. Walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, kutoka Kigoma na Songea na Urundi, waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake kuliko jina lake.

Twayakumbuka hayo kwa sababu yanatupa alama ya kwanza ya kuitambua kazi mbaya. Alama hiyo ni mlango. Kazi nzito yaweza kuwa njema, na mshahara mdogo waweza kuvumilika kwa muda. Lakini mahali ambapo mtu akisha kuingia hawezi kutoka, huyo si mtumishi tena, amekuwa mateka. Basi kabla ya kuuliza "nitapata nini?", uliza "nikitaka kuondoka, nitaondokaje?"

Jambo la kwanza: kazi yenyewe

Mkristu ajiulize kwanza, je, kazi hii katika mwili wake ni halali? Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, twasoma habari za kijakazi mwenye pepo wa kuagua, aliyewapatia mabwana zake faida nyingi. Faida ilikuwapo, lakini ilitoka katika utumwa wa roho yake na udanganyifu wa watu. Kazi za namna hiyo ziko hata leo: kumwuzia mgonjwa dawa ya uongo, kupunja mizani, kuandika vyeti vya kughushi, kuwashawishi watu waweke fedha zao katika vikundi vya upatu visivyo na mwisho mwema. Kazi kama hizi hazipimwi kwa mshahara, zaachwa.

Lakini tusichanganye kazi mbaya na bwana mbaya. Obadia alikuwa mkuu wa nyumba ya mfalme Ahabu, na Ahabu alikuwa mfalme mwovu. Obadia hakuiacha kazi yake. Alibaki humo akawaficha manabii mia katika mapango mawili, hamsini hamsini, akawalisha (1 Wafalme 18). Kazi ya kutunza nyumba ilikuwa halali, naye akaitumia kuokoa watu.

Tuwatazame na ndugu zetu Mashahidi wa Uganda. Wengi wao walikuwa watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, nao walikuwa watumishi hodari. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliyewasimamia watumishi wa mfalme aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, kwa sababu alimwonya mfalme juu ya kumwaga damu, tena aliwakinga vijana wasitendewe uchafu. Karoli Lwanga aliyeshika nafasi yake akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Hawa hawakukataa kumtumikia mfalme. Walikataa amri moja. Kwa hiyo si lazima Mkristu akimbie kila nyumba yenye kasoro, ila ajue mapema mpaka wake ni upi. Asiyeuweka mpaka kabla ya kuingia, atauona umesogezwa kila mwezi.

Hapo twaongeza neno moja. Wako wanaoketi barazani wakisema Mkristu afanye kazi kwa Mkristu tu. Sisi twasema sivyo. Tumewaona Waislamu wanaolipa ujira kabla jasho halijakauka na kuwapa watu wao nafasi ya kwenda Misa Dominika. Na tumewaona waliobatizwa wanaomlipa kijakazi wao kwa matusi. Uliza haki ya mtu.

Jambo la pili: mwenye kazi

Yakobo alikwenda kwa mjomba wake Labani, mtu wa damu yake, aliyempokea kwa kumkumbatia na kumbusu. Walipatana miaka saba kwa ajili ya Raheli. Ilipotimia akapewa Lea, ikambidi atumike saba mingine. Kisha akatumika sita kwa ajili ya wanyama, na mshahara wake ukabadilishwa mara kumi (Mwanzo 29 hata 31). Mambo mawili twajifunza. La kwanza, udugu si dhamana. Mjomba anayekuja kuomba mtoto akamsaidie dukani mjini, naye aulizwe kama angaliulizwa mgeni: atalala wapi, atalipwa nini, atasoma lini? La pili, anayeyageuza mapatano mara ya kwanza bila sababu, atayageuza na mara ya pili.

Mtu atamjuaje mwenye kazi kabla hajamtumikia? Njia ziko. Usiulize wanaofanya kazi pale tu, maana hao wana hofu. Watafute walioacha, uwaulize waliachaje na kama walilipwa siku zao za mwisho. Uliza mshahara hutoka tarehe ngapi, na kama tarehe ile huheshimiwa. Ukienda kuonana naye, tazama asemavyo na mfagizi na mlinzi wa mlango, kwani kwako wewe leo atasema vizuri. Tazama kama yuko tayari kujibu maswali. Kuuliza si ujinga, na tajiri anayekasirika kwa kuulizwa habari za mshahara kabla ya kazi, baada ya kazi atakasirika zaidi.

Tena jihadhari na kazi inayokutafuta mno. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu asiyekujua, akikuahidi mshahara mara tatu ya ule unaolipwa na wengine kwa kazi ile ile, na kukuhimiza ujibu leo leo, haraka yake si kwa faida yako.

Jambo la tatu: mapatano

Mali bila daftari hupotea bila habari. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha ya kuwa mapatano peke yake hayatoshi kuifanya kazi kuwa ya haki. Mshahara upaswa kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi kuyakimu maisha yake. Na kama mtu amekubali masharti magumu kwa sababu ya shida au hofu tu, huyo amedhulumiwa ingawa alisema ndiyo.

Serikali nazo zimeweka kipimo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampasa mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, itaanza lini, mahali gani, kwa muda gani, saa ngapi, kwa mshahara gani na marupurupu gani. Asiyeyaelewa maandishi hayo, mwajiri apaswa kumwelezea kwa njia atakayoielewa. Basi msiweke kidole gumba juu ya karatasi ambayo hamkusomewa.

Sheria hiyo yataja na hesabu ambazo kila nyumba ingefaa kuzijua. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Pumziko la juma lisipungue saa 24 mfululizo. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mama aliyejifungua ana siku 84 zenye malipo. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Unguja na Pemba zina sheria yao wenyewe, na ndugu zetu wa Kenya wanayo yao ya mwaka 2007, waulize huko.

Labda tajiri atasema, "Sisi hapa hatuandikiani, twaaminiana." Mjibu kwa upole ya kuwa watu waaminianao hawaogopi karatasi. Akikataa kabisa, nawe huna njia nyingine, andika mwenyewe katika daftari: siku uliyoanza, mlichopatana, aliyekuwapo akisikia, na kila fedha uliyopokea. Daftari kama hilo limewahi kuwasaidia watu wetu mbele ya wapatanishi.

Jambo la nne: nyumba yako na roho yako

Mshahara mkubwa si lazima uwe faida kubwa. Tufanye mfano. Kijana mmoja aitwa mjini kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Chumba 80,000, nauli 60,000, chakula 160,000, jumla 300,000. Zabaki 100,000. Mwenzake apata kazi karibu na kwao kwa shilingi 280,000. Alala nyumbani, aenda kwa miguu, atoa 110,000 za chakula pamoja na wazazi. Zabaki 170,000. Aliyesifiwa kijijini ni yule wa kwanza, lakini mwenye akiba ni wa pili. Basi kaeni chini na kalamu, baba na mama na mtoto, mpige hesabu kabla ya kufunga sanduku. Kama kazi ya mjini ina fundisho ambalo huku halipo, mtu akatoka fundi baada ya miaka miwili, hilo nalo liandikwe upande wa faida.

Kisha pimeni yasiyo fedha. Je, Dominika itakuwaje? Ziko kazi ambazo haziwezi kusimama, kama za uuguzi na ulinzi, na Kanisa halimhukumu muuguzi aliye zamu. Lakini yafaa kuuliza kama zamu zitapokezanwa, ama mtu mmoja ndiye atakayefungwa Dominika zote za mwaka. Je, mke na watoto watabaki na nani, na kwa muda gani? Twajua ndoa zilizokufa kwa sababu ya kazi ambayo kila mtu aliita baraka.

Waitwao nchi za mbali

Hapa twasema na wazazi wa mabinti hasa, maana wengi huitwa Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Wako waliokwenda wakarudi salama, wakajenga na kusomesha wadogo zao, tusiseme uongo. Wako na waliorudi na majeraha, na wasiorudi. Katika nchi nyingi za Ghuba utaratibu uitwao kafala umemfunga mfanyakazi kwa mdhamini wake kwa miaka mingi, hata asiweze kuhama pasipo ruhusa. Nchi nyingine zimeulegeza. Qatar iliondoa sharti la ruhusa ile mwaka 2020. Kwa hiyo kila aendaye aulize sheria ya nchi ile ilivyo siku ile, asitegemee habari za aliyekwenda zamani.

Mkataba wa Kimataifa Na. 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani, unasema mtu apewe ahadi ya kazi au mkataba kwa maandishi kabla hajavuka mpaka, akae na pasipoti yake mwenyewe, apumzike saa 24 mfululizo kila juma. Na Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 unaweka kanuni ya kuwa wakala wa kazi asimtoze fedha mtafuta kazi. Hata kama nchi fulani haijaitia sahihi mikataba hiyo, nanyi mnaweza kuitumia kama mizani.

Katika kigango kimoja tunachokihudumia alifika wakala akitaka binti wa miaka 19. Baba alikuwa amekwisha kukubali, maana alikuwa na deni. Mama akaomba siku tatu, akaja na mumewe kwetu, nasi tukawaandikia maswali manne: jina la nyumba atakayokwenda na mahali ilipo, mkataba wenye lugha anayoisoma, nani atakayeshika pasipoti, na nauli ya kurudi ni ya nani akishindwa. Wakala alijibu la kwanza kwa jina la mji tu, na la pili kwa kusema karatasi zitasainiwa huko huko. Aliposomewa la tatu alicheka. La nne hakulijibu, wala hakurudi tena kijijini. Binti yule amejifunza kushona, na deni la baba likalipwa polepole kwa miaka miwili. Haikuwa rahisi, ilikuwako miezi ya kula mlo mmoja. Lakini wanaye.

Na msisahau Mtakatifu Josephine Bakhita, mtoto wa Darfur, aliyeibwa na kuuzwa mara nyingi. Jina la Bakhita, lenye maana ya mwenye bahati, alipewa na watekaji wake. Alipokuwa Italia akimlea mtoto wa bibi mmoja, bibi alitaka kumrudisha Afrika. Yeye akakataa kuondoka, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venezia ikatamka ya kuwa yu huru. Alitangazwa Mtakatifu mwaka 2000, na sikukuu yake, 8 Februari, ni siku ya kuwaombea wote wanaouzwa kama bidhaa. Neno lake la kwanza la uhuru lilikuwa neno la kukataa.

Ukisha kuingia

Aliyeipima kazi akaipokea, aifanye kwa moyo. Asiibe saa wala sabuni. Akiona mambo hayaendi, asitoroke usiku kama mwizi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwanza aseme na mwenye kazi kwa adabu. Ikishindikana, atoe taarifa kwa maandishi. Kwa alipwaye kwa mwezi, sheria ya Tanzania Bara yataka siku 28. Aliyefukuzwa pasipo haki apeleke shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akikawia, mlango utakuwa mgumu kufunguka. Walakini mahali penye kipigo, au penye kumnajisi mtu, hapana taarifa ya siku 28. Hapo ni kuondoka siku ile ile, na kuwaambia wazazi na polisi.

Sisi nasi ni wenye kazi

Neno la mwisho laweza kuuma kidogo. Nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili zina kijana wa kuchunga, au binti wa kupika na kubeba mtoto. Je, tumepatana naye mshahara gani? Je, hupumzika siku gani? Hula pamoja nasi, ama hungoja masufuria? Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, lamtaka mwajiri amlipe maskini ujira wake kabla jua halijachwa, asije akamlilia Bwana. Si haki kuwafundisha watoto wetu kumpima tajiri wa mjini kwa mizani ambayo wenyewe hatutaki kupandishwa.

Basi likateni fungu hili mlibandike ukutani:

1. Kazi hii ni halali mbele ya Mungu, na mpaka wangu ni upi?
2. Walioacha kazi hapa wanasemaje?
3. Mapatano yako katika maandishi ninayoyaelewa?
4. Nitabakiwa na fedha ngapi kila mwezi?
5. Dominika, ndoa na watoto vitakuwaje?
6. Vyeti na pasipoti yangu vitakuwa mkononi mwa nani?
7. Nikitaka kuondoka, mlango uko wapi?

Asiyepata jibu la swali moja, akaulize tena. Asiyepata jibu la la sita na la saba, asiende.

Mtakatifu Yosefu, fundi seremala wa Nazareti, awaombee wote wanaotafuta kazi mwezi huu, na wote wanaowaandika.